Kusafishwa si Kuwa Safi

Neno laini huweza kumdhuru mtu kuliko tusi, kwa sababu tusi humwamsha asikiaye, bali neno laini humlaza. Miongoni mwa maneno laini ya zama hizi ni lile lisemwalo juu ya mito ipitayo mijini, kwamba maji taka yatiwayo humo "yamesafishwa". Asikiapo hivyo, mzazi humruhusu mwanawe kuingia majini, mwalimu huwaongoza wanafunzi wake mtoni, na mwanamchezo hupiga kafi bila ya wasiwasi. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, kama litumiwavyo na wenye mitambo na wenye madaraka, ni nusu ya kweli, na kwamba nusu iliyofichwa ndiyo imwuguzayo mtu.

Mfano ulio wazi wapatikana Uingereza, katika mchezo wa kayaki. Kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja, kilichofunikwa juu. Mwendeshaji hukaa kitako ndani yake, akajifunga kiunoni vazi la mpira lizuialo maji, akashika kafi lenye bapa pande zote mbili. Katika maji matulivu mchezo huu ni matembezi. Katika maji ya kasi, yapigayo mawe na kutoa povu jeupe, ni mapambano. Chombo hupinduka mara kwa mara, na mwendeshaji hodari hatoki ndani yake: hubaki kichwa chini miguu juu, akapiga kafi na kukaza nyonga, akaibuka upande wa pili. Kwa muda huo maji humwingia puani, masikioni na kinywani, atake asitake. Mwogeleaji aweza kuinua kichwa akavuta pumzi. Mwendesha kayaki wa maji ya kasi hupigwa usoni na mto wenyewe. Kwa hiyo swali la kilichomo majini humhusu yeye zaidi ya limhusuvyo mtu apitaye darajani akautazama mto kwa mbali.

Maji ya kasi ya asili aghalabu hupatikana milimani, na vijana wengi hukaa mijini. Ndipo watu wakabuni mifereji ya kutengenezwa kwa mikono. Mfereji wa Augsburg, Ujerumani, ulitumika katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972. Na mwaka 1986 ukafunguliwa mwingine Holme Pierrepont, kando ya mji wa Nottingham, urefu wake kiasi cha mita 700, ukilishwa na mto Trent. Hapana shaka kazi hiyo ilikuwa njema. Kijana wa mji wa viwanda, ambaye asingaliweza kusafiri kila juma mpaka milimani, alipata mahali pa kujifunza ushujaa karibu na kwao.

Lakini Trent si kijito cha mlimani. Huanzia Staffordshire, hupita Stoke-on-Trent, kisha hupokea mto Tame uletao maji ya Birmingham, mto Derwent upitao Derby, na mto Soar upitao Leicester. Yote hayo kabla ya kufika Nottingham. Mtambo wa Minworth peke yake, ulio kando ya Birmingham, hupokea maji taka ya watu zaidi ya milioni moja na kuyatoa katika mto Tame. Nottingham nao una mtambo wake Stoke Bardolph, ila huo umo chini ya mfereji wa kayaki, na maji yake huwaendea wengine. Kila mji katika bonde hilo hupokea ya walio juu na kupeleka yake kwa walio chini. Na lipo jambo la kutazamwa kwa makini: Birmingham, uletao maji hayo, hauyanywi. Tangu mwaka 1904 sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa hutoka bonde la Elan, huko Wales, nayo huletwa kwa njia ya mfereji na mabomba kwa zaidi ya kilomita 100. Wakuu wa mji huo walijua vema, walipokuwa wakichagua maji ya kutia vinywani mwao, tofauti baina ya mto wa mlimani na mto upokeao miji.

Wasomi wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa tofauti iliyopo baina ya safi na safishwa. La kwanza ni sifa: laeleza hali ya kitu. La pili ni kitenzi cha kutendesha kilichotiwa katika kauli ya kutendwa: laeleza kwamba kitu kimetendewa jambo, wala halisemi jambo hilo limefika wapi. Mtoto aliyefundishwa si lazima awe amejua. Mwizi aliyeonywa si lazima awe amekoma. Mgonjwa aliyetibiwa si lazima awe amepona. Wangapi wamezikwa ambao walitibiwa! Basi yule asemaye kuwa maji ya mto ni salama kwa kuwa taka zake zimesafishwa atoa hukumu ambayo sarufi haikumpa. Ametaja kazi iliyofanywa, akataka asikiaye aihesabu kuwa ni matokeo.

Wala haitoshi kusema kuwa hilo ni suala la maneno tu. Historia ya mitambo yenyewe yaonyesha kwamba ilijengwa kwa shabaha nyingine. Tume ya Kifalme iliyoundwa Uingereza mwaka 1898 kuchunguza maji taka ilitoa mwaka 1912 kipimo kilichofuatwa kwa miaka mingi. Kipimo hicho kilisema kwamba chembe zieleazo katika maji yatokayo mtamboni zisizidi miligramu 30 kwa lita, na kwamba oksijeni iliwayo na uchafu huo kwa siku tano isizidi miligramu 20. Tena kilichukulia kwamba maji hayo yatachanganyika na maji safi ya mto yasiyopungua mara nane ya wingi wake. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester wakatangaza njia ya tope hai, ambayo kwayo maji taka hupulizwa hewa ili vijidudu vile uchafu, kisha tope likaachwa litue. Njia hiyo imeenea ulimwenguni kote, na imewarudisha samaki katika mito iliyokuwa imekufa. Aidharauye kazi hiyo hajui mito ya viwanda ilivyokuwa ikinuka zamani.

Hata hivyo msomaji na atazame tena vipimo hivyo. Katika vyote hamna hata kimoja kiulizacho kama mtu aweza kuyameza maji hayo. Chembe zilipimwa ili mto usijae tope. Oksijeni ilipimwa ili samaki wapate kuvuta pumzi. Mtambo uliofaulu kwa vipimo hivyo umefanya ulioamriwa, wala haukuamriwa kumlinda mwanamchezo. Na sharti la kuchanganyika mara nane halipatikani kila mahali: wakati wa ukame, sehemu kubwa ya maji ya mto Tame ni yale yale yaliyotoka mitamboni.

Hesabu ya mtoto wa shule yatosha kuonyesha kilichobaki. Mililita 100 za maji taka mabichi zaweza kuwa na bakteria wa kinyesi milioni 10. Mtambo ukiwaondoa asilimia 99, kazi kubwa imefanyika, na mwenye mtambo ana haki ya kujisifu. Lakini moja katika mia ya milioni 10 ni 100,000. Hao wamebaki, na hao ndio waingiao mtoni. Asilimia 99 ni tarakimu ya kupendeza mdomoni mwa mwenye mtambo. 100,000 ni tarakimu ya kutisha mdomoni mwa mwenye kayaki. Na tarakimu zote mbili zasema jambo lile lile.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la tiba la Lancet wapaswa kujulikana na kila mtu aongozaye vijana majini. Watafiti waliwafuatilia waendesha kayaki katika mifereji miwili ya maji ya kasi huko Uingereza na Wales. Mmoja ulilishwa na mto wa bondeni upokeao maji ya mitambo ya taka. Wa pili ulilishwa na bwawa la milimani. Katika mfereji wa kwanza wastani wa bakteria wa kinyesi ulikuwa 285 kwa mililita 100, na katika wa pili 22. Sheria ya Ulaya ya wakati huo juu ya maji ya kuogea iliruhusu hadi 2,000. Kwa kipimo hicho basi, mfereji wa kwanza ulikuwa umefaulu vizuri sana: wastani wake ulikuwa kiasi cha sehemu moja ya saba ya mpaka uliowekwa. Lakini walipopima virusi vya matumbo, walivikuta 198 katika lita 10 za mfereji wa kwanza, na katika ule wa pili hawakukuta hata kimoja. Katika juma lililofuata, walioendesha kayaki katika mfereji wa kwanza waliugua matumbo, koo na pua zaidi ya wenzao wa mfereji wa pili, na zaidi ya watu wasioingia majini.

Hapo ndipo hoja yote isimamapo. Maji yalifaulu mtihani, na watu wakaugua. Sababu yake haina uchawi ndani yake. Bakteria wa kinyesi hupimwa kama alama tu. Kuwapo kwao huonyesha kuwa kinyesi kimepita. Lakini bakteria hao hufa upesi mtamboni na mtoni, na virusi vingi huvumilia zaidi. Alama hufutika kabla ya kitu chenyewe. Mwaka 1997 ulichapishwa uchunguzi mwingine uliofanywa juu ya watumiaji wa mfereji wa maji ya kasi ulishwao na mto wa bondeni, nao ukaonyesha kwamba virusi vya aina ile ivamiayo bakteria vilieleza wingi wa ugonjwa vizuri kuliko bakteria wenyewe. Kwa hiyo ilikwisha kujulikana, miaka zaidi ya 25 iliyopita, kwamba kipimo kilichokuwa kikitumika hakikutosha, na kwamba kilikuwapo kipimo kingine.

Je, sheria ilifuata ujuzi? Sheria ya Ulaya iliyopitishwa Desemba 1975 ilikuwa imetaja virusi vya matumbo, na kutaka visiwepo kabisa katika lita 10, ingawa ilitaka vipimwe pale tu ilipodhaniwa kuwa vipo. Sheria iliyoshika nafasi yake mwaka 2006 iliacha bakteria wa aina mbili tu katika vipimo vyake, na virusi vikatolewa. Yaani kipimo kilipojulikana kuwa ndicho chenye kusema kweli, kiliondolewa ukumbini. Huko Uingereza, kwa miaka mingi, watu waliohesabiwa ili mahali paitwe pa kuogea walikuwa ni waogaji tu, na mpiga kafi hakuingia katika hesabu hiyo hata kama alipinduka mara kumi kwa siku. Msimu wa kupima ulianza 15 Mei ukaisha 30 Septemba, ilhali mpenda maji ya kasi hutamani miezi ya mvua. Hakuna sehemu ya mto wowote wa nchi hiyo iliyotajwa rasmi kuwa ya kuogea mpaka Desemba 2020, ilipotajwa sehemu ya mto Wharfe pale Ilkley. Na hesabu za mwaka 2021 zilipotoka, ilipewa daraja la chini kabisa. Asiyepima hakosi amani ya moyo.

Mvua ina jambo lake pia. Katika miji mingi ya kale, maji ya mvua na maji taka hupita katika bomba moja. Mvua ikizidi, mtambo haupokei yote, na milango ya dharura hufunguka, taka mbichi zikaenda mtoni bila ya kupita popote. Huko Uingereza milango hiyo ilifunguka mara 464,056 katika mwaka 2023, kwa jumla ya saa zaidi ya milioni 3.6. Dharura itokeayo mara nyingi kiasi hicho yafaa itafutiwe jina jingine. Na siku hizo za mafuriko ndizo siku ambazo mto una nguvu, povu ni refu, na mwendesha kayaki huamka alfajiri kwa furaha. Mwogaji huikimbia mvua, huyu huifuata.

Wapo watakaojibu kwamba mwendesha kayaki ni mtu mzima, amejitakia mwenyewe, na kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali ni ya kweli, lakini wamsemea mtu asiyewatuma. Avuaye nguo hudhaniwa kuwa ameyaona maji. Aliyeambiwa kwamba yamesafishwa hakuyaona, ameonyeshwa pazia. Hatari ya mwamba aijua, kwa kuwa mwamba waonekana. Ndiyo maana huvaa kofia ngumu. Hatari ya kuzama aijua, ndiyo maana huvaa jaketi la kuelea. Hatari asiyoambiwa haikuwa chaguo lake, na kumlaumu kwayo ni dhuluma. Tena wengi waingiao mifereji hiyo si watu wazima, bali ni watoto wa shule wakiongozwa na walimu wao.

Wapo watakaojibu kwamba haliwezekani jambo jingine, kwani miji haina budi kutoa taka zake na mito ndiyo njia yake. Hao wajibiwa na mto Isar wa Ujerumani. Katika miaka ya 2000 mitambo kadhaa iliyo juu ya mji wa München ilitiwa taa za mionzi ya urujuanimno, ambazo huwashwa katika miezi ya joto ili kuua vijidudu katika maji yatokayo mtamboni kabla hayajaingia mtoni. Haikusemwa kuwa mto umekuwa chemchemi. Hata leo mtu huonywa asiingie baada ya mvua kubwa. Lakini wakuu wa huko waliuliza swali ambalo tume ya mwaka 1912 haikuliuliza, yaani mtu akiingia humo itakuwaje, wakalitolea fedha jibu lake. Yaliyowezekana katika mto mmoja hayawezi kuitwa muhali katika mwingine. Yaweza kuitwa ghali tu, na ghali ni jambo la kujadiliwa hadharani.

Wapo, mwisho, wenye huruma isiyo na faida, ambao watasema: basi watu wakatazwe kuingia mtoni. Rai hiyo ndiyo imfaayo zaidi mwenye kuchafua, kwani mto usiokuwa na watu hauna mashahidi. Samaki hafungui kesi. Waendesha kayaki na waogeleaji ndio waliolivuta jambo hili barazani, kwa sababu waliumwa matumbo wakauliza kwa nini. Kuwafukuza ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele.

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza mto Trent wamhusu nini. Wamhusu kwa kuwa neno lenyewe lipo hapa, katika lugha yake, na mito pia ipo. Mtambo wa Dandora ulioko Ruai hutoa maji yake katika mto Nairobi. Mto huo, ambao una uchafu mwingine mwingi usiopita mtambo wowote, huingia Athi, na Athi hupita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, ambako watu huenda kutembea na kupanda mashua. Kisha huteremka nyikani, ukaitwa Galana, ukaitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Mto mmoja una majina matatu, na hakuna mvuvi wa Malindi adhaniaye kuwa jina jipya limeyabadili maji. Kwa nini basi kitenzi kimoja kidhaniwe kuwa chaweza?

Kiswahili kinakuzwa leo katika vyuo, katika mabaraza na katika ofisi za serikali. Istilahi hutungwa kila mwaka, na zitungwazo leo ndizo zitakazoandikwa kesho katika mabango ya kando ya mito. Watungaji wake hawana budi kuchagua. "Maji safi" ni haki ya maji yaliyopimwa yakaonekana kuwa safi, na yasiitwe hivyo mengine. Yatokayo mtamboni na yaitwe kama yalivyo: maji taka yaliyopunguzwa uchafu. Jina hilo halipendezi, na kutopendeza kwake ni sehemu ya ukweli wake. Mtu akilisikia atauliza: umepunguzwa kiasi gani? umebaki upi? umepimwa lini, na kwa kipimo gani? Hayo ndiyo maswali ambayo neno "yamesafishwa" huyazima kabla hayajatoka kinywani.

Na penye mfereji wa michezo, au penye ukingo watu waingiapo majini, na pasimame bango lisemalo mambo manne: ni mitambo mingapi iliyo juu ya hapo, maji yalipimwa siku gani, yalipimwa bakteria peke yao au na virusi, na kama milango ya dharura imefunguka tangu mvua ya mwisho. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilojulikana au lisiloweza kujulikana na wenye mitambo. Kama kuyaandika kutapunguza watu mtoni, basi watakuwa wamepungua kwa hiari yao, wakijua. Kama kutaongeza madai ya taa na mitambo bora, basi bango litakuwa limefanya kazi ambayo sheria ilishindwa kuifanya. Wenye mitambo watalichukia mwanzoni. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha mto hutoka katika matumbo ya watoto.